Milima Yetu Tuikanyage Wenyewe

Msafiri atokaye Lusahunga kuelekea Rusumo huona, upande wake wa kulia, vilima vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine mpaka macho yachoke. Asubuhi vilima hivyo huwa vya rangi ya samawati, ukungu umelala mabondeni. Jua likichwa huwa vyekundu kama kaa la moto. Malori yenye shehena ya Rwanda hupita hapo usiku na mchana, mabasi hupita, na magari ya sisi viongozi hupita pia, tena kwa kasi. Ni nadra mno kumwona mtu akisimama, akashuka garini, na kuuliza: kule juu kuna nini, na njia ya kupandia iko wapi?

Leo tunataka kuliuliza swali hilo hadharani, kwa kuwa linawahusu wananchi wa Ngara na Biharamulo kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote. Mwaka 2019 Serikali iliyaunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ikayafanya kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,707. Mwaka huo huo, kwa jirani zetu wa kaskazini, zikazaliwa Hifadhi ya Rumanyika-Karagwe, ambayo ni ya misitu ya milimani, na Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa. Hivyo mkoa wa Kagera, ambao kwa miaka mingi ulitajwa kwa ndizi, kahawa na vita ya 1978 na 1979, sasa umo katika orodha ya mikoa yenye hifadhi za taifa. Miaka imepita tangu tamko hilo litolewe. Yatupasa kujipima: je, hifadhi hii imekwisha kuwa yetu, au bado ni jina tu lililoandikwa katika bango la barabarani?

Wako watakaotujibu upesi kwamba kupanda milima na kulala katika mahema ni anasa ya Wazungu wasio na kazi, na kwamba mtu aliyekwisha kulima tangu alfajiri hana haja ya kwenda kutafuta jasho jingine mlimani. Hoja hiyo tunaiheshimu, maana hutolewa na watu wanaofanya kazi. Lakini si ya kweli tukiitazama historia. Watu wa nchi hii walikuwa watembeaji kabla mgeni yeyote hajavaa buti zake. Speke na Grant walipofika Karagwe mwaka 1861, wakapokewa na Mukama Rumanyika, hawakuja peke yao. Waliletwa na msafara wa wapagazi na waongozaji wa Kiafrika, na miongoni mwa viongozi wa msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezijua njia za bara. Stanley naye alipopita katika nchi hizi mwaka 1876 alibebewa vitu vyake na watu waliozijua njia hizo. Vitabu vikaandikwa kwa majina ya wageni. Miguu ilikuwa ya watu wetu.

Tena tusiende mbali hivyo. Wazee wa Ngara waliokuwa vijana wakati wa ukoloni walitembea kwa miguu hadi Uganda kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, wakipita vilima hivi hivi, wakilala porini, wakivuka mito bila daraja. Walikijua kila chemchemi na kila mti wa kivuli. Elimu ile ilikuwa ya njaa na ya kulazimishwa, hatuitamani irudi. Lakini ilikuwa elimu. Mjukuu wa mzee yule leo hukipita kilima kile akiwa amesinzia dirishani mwa basi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutembea milimani ni mila ya kigeni. Kilicho kigeni ni kuishi chini ya kilima miaka arobaini bila ya kujua upande wake wa pili.

Ziko lakini sababu nyingine za watu wetu kuliepuka pori hili, na sababu hizo si za uvivu. Zimetokana na machungu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa zipatazo ishirini na nne, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia Ngara. Miaka mia moja kabla ya hapo, mwaka 1894, Mjerumani von Götzen alivukia hapo hapo kwenda kuitazama Rwanda. Sasa Rwanda yenyewe ilikuwa inakimbia. Benaco, mahali palipokuwa pakijulikana kwa kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa kwa ghafla kama mji mkubwa. Wananchi wa Ngara waliwapokea wageni wale kwa chakula chao wenyewe kabla misaada haijafika, na jambo hilo historia haina budi kulitaja kwa heshima.

Lakini watu wengi hivyo wanahitaji kuni za kupikia, miti ya kujengea na kitoweo. Msitu ulikatwa kilometa baada ya kilometa. Wanyama wa Burigi na Kimisi waliwindwa kwa mitego na kwa bunduki. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, ila silaha zilizoingia pamoja na vita vya nchi jirani hazikurudi zote. Ndipo ukaja wakati wa majambazi. Mwananchi yeyote wa umri wetu anakumbuka mabasi yakisubiriana njiani ili yasindikizwe na askari wenye bunduki kuyavuka mapori ya Biharamulo na Ngara. Anakumbuka abiria wakificha fedha katika soli za viatu, na akina mama wakisoma dua kimya kimya mpaka taa za mji zionekane. Kwa kizazi kizima neno "pori" lilikuwa na maana moja tu: mahali pa kuporwa au kuuawa.

Baada ya majambazi ikaja migogoro ya mifugo. Makundi makubwa ya ng'ombe, mengine ya wenyeji na mengine kutoka mbali, yaliingizwa katika mapori ya akiba, na mwaka 2017 Serikali iliendesha operesheni ya kuyaondoa. Sheria ilikuwa upande wa Serikali, na pori lilikuwa linakufa, hayo tunayakubali. Hata hivyo mtoto wa mfugaji aliyeona ng'ombe wa baba yake wakiswagwa na askari hawezi kuambiwa kesho yake kwamba pori lile ni urithi wake akaamini papo hapo. Kwake yeye mpaka wa hifadhi ni mahali pa kukamatiwa.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo kiini cha maoni yetu. Hifadhi hii haikuzaliwa katika nchi tupu. Imezaliwa juu ya kumbukumbu tatu za hofu: hofu ya vita, hofu ya majambazi na hofu ya mgambo. Kumbukumbu za namna hiyo haziondolewi kwa mabango wala kwa hotuba. Huondolewa kwa jambo moja: watu kuingia wenyewe, kwa miguu yao, kwa amani, wakaona, wakarudi nyumbani salama, wakasimulia.

Kuna tofauti moja ya kisheria ambayo yafaa ielezwe vizuri vijijini, maana wengi wanadhani kilichobadilika ni jina tu. Katika pori la akiba uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa kibali. Mwenye fedha zake huja, huua mnyama, huondoka na pembe. Katika hifadhi ya taifa uwindaji ni marufuku kwa kila mtu, awe tajiri au maskini, na matumizi yake ni kutazama, kujifunza na kutembea. Maana yake ni kwamba ardhi iliyokuwa kiwanja cha wachache wenye bunduki sasa inaweza kuwa darasa la wote wenye miguu. Kiingilio anachotozwa raia wa Tanzania ni sehemu ndogo sana ya kile anachotozwa mgeni. Mlango huo umefunguliwa. Kilichobaki ni sisi kupita.

Na atakayepita ataona nini? Ataliona Ziwa Burigi limejinyoosha katikati ya vilima, viboko wakiwa wamejilaza majini. Ataona mbuga za miombo ambamo palahala na korongo hupita kwa hadhi kama wazee waendao barazani. Mabondeni, penye mafunjo na matope, anaishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizoumbwa zisizame. Akipanda mgongo wa kilima ataona bonde, na nyuma ya bonde kilima kingine, na nyuma yake mto Kagera ukizunguka kutafuta Ziwa Viktoria. Vilima vyetu havifiki hata nusu ya urefu wa Kilimanjaro, wala hatudai kwamba vinafika. Lakini kilima kisicho kirefu kina fadhila yake: mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kukipanda na kurudi kabla ya magharibi, bila mitungi ya hewa, na bila kumwuzia baba yake mbuzi.

Tumetaja Kilimanjaro, na hatuwezi kuupita mlima huo bila kujifunza kwao. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, aliongozwa na wenyeji, na mmoja wa wanaokumbukwa ni Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge na bendera ya Tanganyika huru kileleni, meta 5,895 juu ya bahari. Mlima ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, ukafunguliwa rasmi 1977. Hivi leo makumi ya maelfu ya watu huupanda kila mwaka, na kila kundi huhitaji waongozaji, wapishi na wapagazi. Vijiji vya Marangu na Machame vimesomesha watoto kwa kazi hiyo, baba akimrithisha mwana. Hata vituo vya kulala katika njia ya Marangu vina majina ya watemi wa Kichaga, Mandara na Horombo. Mlima haukuchukuliwa ukawa wa wageni watupu. Wenyeji waliushikilia kwa miguu na kwa migongo yao.

Hatusemi kwamba mambo yote ya Kilimanjaro ni ya kuigwa. Wapagazi wake wamepigania kwa miaka mingi mizigo isizidi kilo 20, mavazi ya kutosha dhidi ya baridi na ujira wa haki, na kazi hiyo haijakwisha. Tukianza sisi leo, tuanze na funzo hilo mkononi: kijana wa Nyakahura au wa Rulenge asiajiriwe kubeba shanta la mwenzake kwa malipo ya sahani ya wali. Aajiriwe kwa mkataba, afundishwe majina ya ndege na miti kwa Kiswahili, kwa lugha ya nyumbani na kwa lugha za kigeni, naye awe mwalimu wa mgeni, asiwe punda wake.

Funzo la pili liko karibu zaidi, ng'ambo ya mto. Hifadhi ya Akagera ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1934, inatazamana na nchi yetu kwa mto Kagera. Baada ya mauaji ya kimbari hifadhi ile iliharibiwa sana; mwaka 1997 sehemu yake kubwa ilimegwa ili wapewe ardhi watu waliorejea. Wengi waliihesabu kuwa imekufa. Lakini mipaka iliyobaki ililindwa, tangu 2010 uendeshaji wake ukapangwa upya, simba wakarudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Kusini magharibi mwa nchi hiyo, msitu wa milimani wa Nyungwe una njia za miguu zilizochongwa, zilizowekwa alama, kila moja na urefu wake na mwongozaji wake, na mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hatuyataji haya kwa kijicho. Tunayataja kwa sababu ng'ambo ile na hii udongo ni mmoja, mvua ni moja, na mikasa ya 1994 iliwapata wote. Aliyeanza baada ya msiba mkubwa kuliko wetu amekwisha kufika mbali. Sisi tunasubiri nini?

Lakini kabla ya kudai watu waipende hifadhi, haki inatutaka tuyasikilize malalamiko yao. Mkulima anayepakana na hifadhi akiamka akute tembo wamelala na mihogo yake, au nyati wamelikanyaga shamba la mahindi, hatafurahia habari za mandhari. Taratibu zetu zinatambua kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Majina hayo yenyewe yanakiri kwamba si fidia kamili. Basi angalau hicho kidogo kifike mapema, jasho likiwa bado linatiririka, kisifike baada ya misimu miwili wakati mkulima amekwisha kuhama. Mfugaji naye aonyeshwe malisho na majosho yaliko, siyo tu mahali asipoweza kwenda. Shirika la Hifadhi za Taifa lina utaratibu wake wa siku nyingi wa ujirani mwema, wa kuchangia shule, zahanati na visima katika vijiji jirani. Ujirani mwema, kama majirani wote wajuavyo, huanza kwa kutembeleana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mapendekezo yetu.

Kwanza, shule. Kila shule ya msingi na sekondari ya Ngara na Biharamulo iwe na siku moja katika mwaka ya kuingia hifadhini. Halmashauri zitenge fungu la usafiri, hifadhi itoe askari wa kuongoza, wazazi watoe chakula cha safari. Mzee mmoja wa kijiji kinachopakana na hifadhi alitueleza kwa masikitiko kwamba mjukuu wake anaweza kuuchora mlima Kilimanjaro kwa chaki ya rangi, pamoja na theluji yake, naye hajapata kuiona theluji wala Moshi. Lakini kilima kilicho nyuma ya nyumba yao hajui hata jina lake. Elimu ya namna hiyo ina kasoro. Mtoto aanze na kilima chake, Kilimanjaro itafuata.

Pili, njia. Mtu hatembei katika ramani. Tunahitaji njia za miguu zilizochongwa na kuwekwa alama: fupi ya saa mbili kwa watoto na wazee, ya kutwa kwa vijana, na ya kulala usiku mmoja au mbili kwa wenye shanta na hema. Kazi ya kuzichonga wapewe vijana wa vijiji jirani, kwa ujira. Anayelichonga daraja la mti kwa mikono yake hatakuwa wa kwanza kulichoma moto.

Tatu, mahali pa kufikia. Biharamulo mjini kuna boma la Wajerumani, jengo lenye historia ambalo mgeni hulitafuta. Rusumo kuna maporomoko ya maji, daraja jipya na mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Chato kuna kiwanja cha ndege na ziwa. Mambo haya yakiunganishwa na kupanda vilima, mgeni atakaa siku nne mahali ambapo sasa hakai hata saa nne. Na wakati wa kukaa atakula matoke, atakunywa kahawa, atanunua mkeka. Fedha hizo ndogo ndogo ndizo zinazoingia katika nyumba, tofauti na zile kubwa zinazosomwa katika taarifa.

Nne, usalama wa mtembeaji. Kutembea kati ya nyati na tembo si mzaha. Mtu asiingie bila askari wa hifadhi mwenye silaha, hata kama anajigamba kuwa alizaliwa hapo. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo inayofaa zaidi. Masika njia huteleza na mito hujaa. Mbung'o wamo katika mapori yetu, nao hupenda rangi nyeusi na buluu iliyoiva, basi mtu avae nguo za rangi ya khaki zenye mikono mirefu. Achukue maji ya kutosha, kofia, na viatu alivyokwisha kuvizoea, si vile alivyonunua jana. Mapango yenye popo yasiingiwe ovyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wilaya ya Biharamulo ilipata mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliochukua maisha ya watu kumi, hesabu ya waliothibitishwa na waliodhaniwa pamoja. Ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Popo wala matunda wanaoishi mapangoni ndio wanaojulikana kuvihifadhi virusi vyake. Kulisema hili si kuwatisha wageni. Nyumba inayotaja hatari zake na kuonyesha namna ya kuziepuka ndiyo nyumba anayoiamini mgeni.

Tano, na hili latuhusu sisi wenyewe tulio katika uongozi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilometa 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Rais wa nchi alikuwa na gari. Alitembea kwa sababu alijua kwamba kuna mambo ambayo mwananchi hayaamini mpaka ayaone katika miguu ya kiongozi wake. Sisi tumekuwa hodari wa kuizindua hifadhi, kukata utepe, kupiga picha mbele ya bango, kisha kurudi garini kabla vumbi halijatua. Diwani gani wa kata inayopakana na hifadhi amekwisha kupanda kilima chake pamoja na vijana wake? Mkuu gani wa idara anayeweza kumweleza mgeni, bila kutazama karatasi, ni umbali gani kutoka lango hadi ziwani? Tukishindwa maswali hayo tusimlaumu mwananchi anayeuliza hifadhi inamfaa nini.

Mwandishi wa safu hii ana haki ya kuulizwa swali hilo hilo, na jibu lake ni la aibu. Alilipita pori hili kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa mabasi ya kusindikizwa na baadaye kwa gari la ofisi, bila ya kukanyaga nyasi zake. Alipokwenda hatimaye, akiwa na askari mmoja na vijana watatu, alipumua kwa shida katika nusu ya kwanza ya mteremko mmoja tu, na kijana mdogo kuliko wote alimshika mkono. Walipofika juu hapakuwa na jambo kubwa la kusimulia: upepo, mawe ya moto, na kundi la nyamera bondeni lililoinua vichwa kisha likaendelea kula. Barabara kuu ilionekana kwa mbali kama uzi, na malori juu yake kama siafu. Hapo ndipo alipofahamu kwamba kwa miaka yote ile alikuwa ameiona nchi yake kwa upande mmoja tu, upande wa mtu anayepita.

Wako watakaosema kwamba Ngara ina nikeli ya Kabanga chini ya ardhi, na kwamba utajiri wa kweli utatoka huko. Nasi tunaiombea heri. Lakini madini, hata yawe mengi namna gani, yana siku ya kwisha; yakitolewa hayaoti. Kilima kinachopandwa leo na kulindwa vizuri kitapandwa na mjukuu wa mpandaji, na ujira wake hautapungua kwa kuwa babu yake naye alikipanda. Nchi yenye hekima huvitumia vyote viwili, ila haikichimbi kile ambacho hakina badala.

Shime basi, wananchi wa Ngara na Biharamulo. Walimu pangeni safari, wazazi toeni ruhusa, halmashauri toeni magari, hifadhi fungueni njia. Majambazi wameondoka, vita imekwisha, wakimbizi wale wamerudi kwao. Pori limebaki, na miti iliyokatwa inachipua tena pale ilipoachwa ichipue. Asiyeingia katika nyumba yake hujikuta mgeni siku mwingine atakapoingia akaifungia mlango. Kiangazi kijacho kisitukute tumekaa barabarani tukihesabu malori.